Nimenusa, Baba

Nianze kwa kujisifu, maana majivuno ndiyo yaliyoniponza. Mimi ni mpishi. Miaka ishirini na miwili nimesimama kwenye jiko la mkahawa mmoja, na pale kila mtu, kuanzia mwenye mkahawa hadi muosha vyombo, ananiita Pua. Nikipita mlangoni najua kama mafuta ya jana yamerudishwa kwenye karai. Nitafunua sufuria na kukwambia kitunguu kimeungua, kabla sijashika kijiko. Wabishi huonja, kisha hunyamaza.

Kwa hiyo baba yetu alipoandikiwa kwenda kutibiwa nje ya nchi, na familia ikakaa kuamua nani amsindikize, kikao hakikuchukua hata robo saa. Dada yangu mkubwa ana elimu yake na anasoma lugha mbili za kigeni. Alishaanza kutafuta sanduku. Baba akamwambia, "Wewe baki na wanao. Nakwenda na Pua. Huko nguruwe yuko kila mahali, namtaka mtu atakayemjua hata akijificha." Dada alikasirika, mimi nikavimba kichwa. Ningekuwa na akili siku ile ningesema mchukue anayejua kusoma.

Baba ni fundi saa. Maisha yake yote ameyapitisha ameinama juu ya vidude vidogo kuliko punje ya mchele, na dini yake anaishika hivyo hivyo, haachi kijidude hata kimoja. Mwaka alioumwa homa ya mapafu alifunga mwezi mzima, daktari akapiga kelele mpaka akachoka. Ukimwambia mgonjwa ana ruhusa, atakujibu, "Hiyo ruhusa ni ya wagonjwa," huku anatetemeka ndani ya blanketi.

Ugonjwa uliotupeleka kule ulikuwa uvimbe kwenye koo la chakula. Kigumu hakikupita. Chepesi kama maji kilikimbilia njia ya hewa, kikampalia mpaka macho yakamtoka. Walijaribu kumpitishia mrija puani, ukagoma, damu ikaja. Daktari wa upasuaji, mwanamke mfupi ambaye sikuwahi kuona meno yake, alitueleza kupitia mkalimani kwamba operesheni anaiweza, ila hataifanya kwa mtu wa kilo arobaini na mbili, maana atamfia mezani. Baba afikishe kilo arobaini na nne. Tulipewa wiki tatu, na siku ya kupimwa ikawekwa Jumatatu. Akishindwa, nafasi yake inakwenda kwa mwingine, na kabla haijapatikana nyingine njia ya chakula itakuwa imeziba kabisa.

Kilo mbili. Mimi ambaye nimewanenepesha madereva wa malori wa nchi nzima nilimtazama yule daktari nikaona ananitania.

Halafu nikaambiwa sharti la wodi. Chakula kilichopikwa nje hakiingii. Kinachoingia ni cha jiko la hospitali, au kile kilichofungwa kiwandani na muhuri wake haujavunjwa. Na kule nilikolala, nyumba ya wageni nyuma ya hospitali, chumbani kulikuwa na birika la umeme na vikombe viwili, basi. Mpishi bila jiko ni mtu wa kusimama tu na mikono yake.

Ikabaki pua, na pua ilifanya kazi. Hospitali walituandikia chakula kisicho na nguruwe, lakini kwao maana yake ni kuondoa nyama kwenye sahani, mafuta yake hayahesabiki. Supu ya mboga ya siku ya kwanza niliirudisha kabla trei haijatua mezani. Viazi vilivyopondwa nikavirudisha. Mkate laini, ambao tungeweza kuulowanisha, ulikuwa umepakwa kitu juu ili ung'ae, na kile kitu nilikinusa nikiwa bado mlangoni. Muuguzi mmoja mrefu, mpole sana, alidhani ni kisirani changu, akapiga simu jikoni kuuliza. Aliporudi alinitazama kama mtu aliyeona mazingaombwe. Kuanzia hapo kila trei ikija alinisogezea puani kwanza, wagonjwa wengine wakacheka, Baba naye akacheka. Nilijiona mkubwa.

Lakini kurudisha chakula si kula. Wiki ya kwanza Baba hakuongeza hata gramu. Maziwa ya unga ya hospitali, hata yale matone yaliyopita, yalimharisha. Nikaanza kuishiwa nguvu.

Siku ya nane, kwenye duka lililo chini ya hospitali, nikakuta mtindi wa vikombe. Kikombe cheupe, kifuniko cha karatasi ya kung'aa, na juu yake picha ya ng'ombe amesimama kwenye majani. Nilinunua kimoja, nikakifungua palepale kwenye ngazi. Nilinusa. Maziwa, sukari, na harufu ya mbali ya vanila. Nilionja. Ulikuwa mzito, laini, umeshikana vizuri, hauna bonge wala maji. Nilipanda ngazi mbilimbili.

"Umenusa?" Baba akauliza.

"Nimenusa, Baba."

"Onja nikuone."

Nikaonja, akasema bismillahi, akafungua mdomo. Kijiko cha kwanza kiliteleza kikapita. Akangoja kupaliwa, hakupaliwa. Cha pili kikapita. Alimaliza kikombe kizima na machozi yakamtoka, si ya maumivu. Baada ya hapo ikawa vikombe vinne kwa siku, vitano akijisikia vizuri, na kila kikombe kwa utaratibu uleule: ananiuliza, namjibu, naonja, anakula. Mizani ikaanza kupanda. Arobaini na mbili na nusu. Arobaini na tatu. Jumatatu ya mwisho kabla ya kupimwa alikuwa na arobaini na tatu na gramu mia nane. Nilimpigia Dada, nikamwambia ajiandae kutupokea, na nikaongeza kwamba elimu si kila kitu.

Jumatatu hiyo hiyo mchana, mkalimani alikuja kuleta fomu za kutiwa sahihi. Ni mtu wa makamo, wa lugha yetu na dini yetu, ameishi kule miaka mingi. Baba alikuwa amepelekwa kupigwa picha ya kifua. Mkalimani akaketi kwenye kiti changu, akachukua kikombe kitupu kilichokuwa kwenye kabati la kitanda, akakizungusha mkononi huku ananisubiri nitie sahihi. Nilipoinua kichwa nikamkuta anasoma maandishi ya ubavuni mwake.

"Nani anakula hii, dada?"

"Baba. Ndiyo inayomweka hai."

"Hukuniuliza."

"Nikuulize nini? Ni mtindi. Si unamwona ng'ombe?"

Aliweka kidole chini ya mstari mmoja wa maandishi madogo, kama vile ningeweza kuusoma. "Hapa wameandika jelatini. Ndiyo inayogandisha. Wanachemsha ngozi na mifupa, wanapata unga, hauna harufu, hauna ladha. Nyingine ni ya ng'ombe. Hii wameandika ni ya nguruwe."

Nilimnyang'anya kikombe nikaingiza pua ndani yake kama mwendawazimu. Nilivuta pumzi mara tatu. Maziwa, sukari, vanila. Hakuna kingine. Miaka ishirini na miwili, na nguruwe alipita mbele yangu mara thelathini na zaidi bila kunisalimu.

"Mzee hana kosa," mkalimani alisema. "Hakujua. Na wewe hukujua. Ila sasa umejua. Mwambie. Hali yake ni ya dharura, dini ina nafasi kwa mtu kama yeye."

"Humjui," nikamwambia. "Huyo nafasi huwaachia wengine."

Kwa kweli niliogopa mambo mawili, na sijui lipi lilitangulia. Niliogopa kwamba Baba akijua atafunga mdomo na kufa. Na niliogopa macho yake atakapojua kwamba pua aliyoichagua mbele ya familia nzima haikufaa kitu.

Nilimwomba mkalimani aniandikie kwenye karatasi mtindi usio na hicho kitu. Kuanzia asubuhi ya Jumanne nilizunguka madukani nikiwaonyesha wauzaji ile karatasi kama ombaomba. Nilipata aina tatu. Zote nyepesi. Nilipomwinua Baba kichwa na kumpa kijiko cha kwanza, ulitiririka ukaenda njia ya hewa. Alikohoa mpaka akawa wa zambarau. Wauguzi wawili walikuja kumgeuza ubavu na kumpiga mgongoni. Aina ya pili nilijaribu jioni, mambo yakawa yaleyale. Ile ya tatu nikaona haya hata kuifungua. Kumbe kilichokuwa kinamwokoa Baba hakikuwa maziwa. Kilikuwa ile haramu yenyewe, ndiyo iliyokuwa inaushika mtindi mpaka ufike tumboni.

"Ule wa ng'ombe umekwisha dukani?" Baba aliuliza, sauti imekwaruza.

"Umekwisha. Wataleta."

Jumatano nikavunja sharti. Nilinunua unga wa mahindi laini na maziwa, nikachemsha maji kwenye birika la chumbani, nikakoroga uji kwenye kikombe kwa mpini wa mswaki mpya, nikauficha kwenye chupa ya chai chini ya khanga. Uji usiokaa motoni haupiki, hilo hata mtoto wa mpishi analijua, lakini maji yalikuwa yamenifika shingoni. Ulipofika wodini ulikuwa umefanya mabonge. Bonge la kwanza likanasa. Yule muuguzi mrefu ndiye aliyelitoa, kwa kifaa chao cha kufyonza, na alipoiona chupa yangu uso wake ulibadilika. Mkalimani aliitwa kwa simu ili nisikie kwa lugha yangu: nikirudia, sitaingia tena wodini.

Alhamisi asubuhi mizani ilisema arobaini na tatu na gramu mia moja.

Baba aliutazama ule mshale wa mizani kwa jicho la fundi. "Unarudi nyuma," alisema. Alisema taratibu, hakulalamika, na hapo ndipo moyo wangu ulipovunjika. Mtu aliyelalamikia kila saa mbovu duniani hakuilalamikia yake.

Nilitoka nikashuka ngazi. Dukani vikombe vilikuwa vimepangwa vimejaa tele, ng'ombe kwa ng'ombe. Nilisimama mbele yake muda mrefu hadi muuzaji akaja kuniuliza kitu nisichokielewa. Nilinunua vitano. Kwenye ngazi nilikaa nikalia, nikafuta uso kwa khanga, nikapiga moyo konde, nikapanda.

"Umeletwa?" Baba aliuliza, na uso wake ukafunguka.

"Umeletwa."

"Umenusa?"

Nilinusa mbele yake. Kweli nilinusa. "Nimenusa, Baba."

"Onja."

Hapo ndipo hasa nilipokwama. Yeye ana ugonjwa wake, mimi nina nini? Mimi mzima, nimeshiba mkate wa chai, na najua. Nilichota kijiko nikakitia mdomoni. Kilikuwa kitamu vilevile. Nilikimeza nikamwangalia machoni nikatabasamu, kisha nikamlisha baba yangu kwa mkono wangu, kijiko baada ya kijiko, na kila alipomeza alisema alhamdulillahi.

Nilifanya hivyo siku nne, mara kumi na tisa. Usinihesabie, nimeshajihesabia. Usiku sikulala, mchana sikula. Niliswali nikiwa sijui nisimame wapi. Dada alipopiga nilimwambia anaendelea vizuri, akaniuliza mbona sauti yangu iko hivyo, nikasema ni baridi.

Jumatatu Baba alipanda mizani akiwa ameshikwa makwapa. Arobaini na nne na gramu hamsini. Daktari yule mfupi aliandika, akamwangalia Baba, akaandika tena, akasema Jumanne saa mbili asubuhi. Muuguzi mrefu alinikumbatia. Mimi nilibaki mkavu kama ubao.

Jumanne walimtoa kwenye wodi kwa kitanda cha magurudumu. Karibu na milango ya chumba cha upasuaji wakasimama kusubiri ndani wawe tayari. Mkalimani alikuwa nyuma yetu, ameshika fomu. Baba aliniita kwa kidole.

"Mwanangu, tuombane radhi. Mimi naingia humu, sijui kama nitatoka." Sauti ilikuwa nyembamba, ikabidi niiname. "Ulipokuwa na miaka tisa nilikuchapa kwa ajili ya saa ya mteja iliyovunjika kioo. Baadaye nilijua si wewe. Sikukwambia, niliona haya. Nisamehe."

"Nimekusamehe, Baba. Hata siikumbuki."

"Na mengine yote."

"Na mengine yote."

"Haya. Na mimi nimekusamehe yote. Una lolote?"

Ningeweza kusema sina. Lilikuwa neno moja tu, na milango ingefunguka. Lakini alikuwa amenipa radhi yake gizani, kama mtu anayetia sahihi karatasi asiyoisoma, na kama angekufa mle ndani angekuwa amekufa nimemwibia. Nilishindwa kuibeba.

"Baba, ule mtindi ulikuwa na nguruwe. Si nyama. Unga wa mifupa yake, hauna harufu. Mwanzoni sikujua. Nilijua Jumatatu ya wiki iliyopita. Nikaacha siku mbili, ukapungua, nikakurudishia. Nilijua na nikakupa."

Hakushtuka. Alitazama taa za darini. Mkalimani akasogea, akamwambia kwa upole, "Mzee, dharura ilikuwepo. Huna dhambi." Baba aliinua kiganja kumnyamazisha.

"Siku ulizojua," aliniuliza, "ulikuwa unaonja?"

"Nilikuwa naonja."

"Wewe ni mzima. Ulikula kwa nini?"

"Ulikuwa unaniangalia, Baba."

Milango ikafunguka. Watu wawili waliovaa kijani wakashika kitanda. Nilimshika mkono nikamwambia, "Baba, sema umenisamehe," na nilimwona akifumba macho. Midomo yake ilikuwa ikisoma kitu, ila haikuwa kwangu. Wakamsukuma. Milango ikajifunga.

Kwa muda wa saa sita nilikaa kwenye benchi la ukuta ule. Mkalimani aliniletea chai, ikapoa, akaleta nyingine. Nilikuwa nimemwua, hivyo ndivyo nilivyoona. Kama hakufa kwa njaa basi amekufa kwa maneno yangu, na kama hajafa kwa maneno yangu basi atakufa bila kunipa radhi. Nilijitukana kwa kusema, nikajitukana kwa kunyamaza, nikajitukana kwa kuzaliwa na pua. Nilimwomba Mungu amrudishe hata kama hatanisemesha tena.

Daktari alitoka na kofia yake ya karatasi mkononi. Alisema maneno machache. Mkalimani alianza kulia kabla hajatafsiri, kisha akaniambia uvimbe umetoka wote na mzee anapumua mwenyewe.

Wiki nzima Baba alilishwa kwa mshipa. Hakuweza kuongea, walimkataza. Nilimfuta uso, nilimkata kucha, nilimgeuza. Aliniruhusu. Macho yake yalinitazama bila hasira na bila kitu kingine chochote, nami sikuthubutu kuuliza.

Siku ya nane muuguzi mrefu aliingia na kikombe cha plastiki kilichofungwa. Ulikuwa uji laini wa jiko lao, wenye karatasi ya maandishi ubavuni, chakula cha kwanza kupita kwenye koo jipya. Nilikuwa nimeshashika kijiko. Nilikuwa nimeshakifuta, nimeshasogeza kiti, nimeshainama ninuse.

Baba alinyoosha mkono akakichukua kikombe mbele ya uso wangu. Alikizungusha polepole, akiyatazama maandishi kama anavyotazama saa aliyoletewa na mtu asiyemfahamu. Halafu akampa muuguzi. Kwa kidole kimoja alimwonyesha mistari ile midogo, na kwa kidole kingine akajisukuma ncha ya pua juu, ikawa kama ya nguruwe. Muuguzi alielewa. Alisoma mstari wa kwanza hadi wa mwisho, kidole kikifuata herufi, hakuruka kitu. Akatikisa kichwa: hakuna.

Baba hakunitazama. Alinyoosha tena mkono, akakitoa kijiko kwenye vidole vyangu taratibu, bila kukivuta, akampa muuguzi. Akamfungulia mdomo mtu ambaye hata jina lake halijui. Uji ukapita. Akangoja. Hakupaliwa. Nilimwona akimeza, nikafurahi, na palepale niliumia kuliko siku zote nilizokaa kule.

Nilitoka kwenye korido nikampigia Dada.

"Amekula," nikamwambia.

"Alhamdulillahi. Umemlisha mwenyewe?"

"Amekula," nikarudia.